Ukiingia Unaumwa, Ukitoka Unapona: Kusaka Kemikali Iliyo Hewani Ndani ya Nyumba

Kama unasoma haya huku kichwa kinakugonga, mwenzako wa chumba naye analalamika kizunguzungu, na ndani kuna mkaa unaowaka, jenereta inayonguruma au hita ya gesi, acha kusoma. Tokeni nje wote, hata yule anayesema hana tatizo. Mkiwa nje, pigeni simu ya dharura. Kama kuna aliyezimia ndani, ita watu, maana anayeingia peke yake mara nyingi huishia kuanguka kando ya yule aliyemfuata. Mambo mengine yote yaliyomo humu yanaweza kusubiri, lakini hilo halisubiri.

Anza na daftari, pua itakudanganya

Watu wengi hutafuta tatizo la hewa kwa kunusa. Pua ni shahidi mbaya. Gesi ya hatari kuliko zote nitakazozitaja haina harufu hata kidogo, na zile zenye harufu pua huzizoea upesi. Unaingia chumba kilichopakwa rangi jana, harufu inakupiga. Baada ya nusu saa unaweza kuapa kwamba imekwisha. Haijakwisha. Mgeni akibisha hodi atakuambia.

Kwa hiyo chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa dalili ilipoanza, ulikuwa chumba gani, nini kilikuwa kinawaka au kimepuliziwa au kimefunguliwa, nani mwingine aliumwa, na dalili ilipoisha ulikuwa wapi. Andika pia madirisha yalikuwaje. Mistari miwili mitatu kwa siku inatosha.

Ukishakuwa na kurasa chache, zisome hivi. Dalili inayokwisha saa moja au mbili baada ya kutoka, na kurudi ukirudi, inakuelekeza ndani ya nyumba. Dalili inayokufuata kila uendako, safarini na kazini, huenda haihusiani na hewa ya chumba chako. Watu wote wa nyumba wakiumwa kichwa siku moja, mawazo ni mawili, gesi au ugonjwa wa kuambukizana, na homa hapo husaidia sana kuamua: sumu ya kaboni monoksaidi haipandishi joto la mwili. Na kama anayeumwa zaidi ni yule anayeshinda ndani mchana kutwa, hilo ni neno zito. Mtoto mchanga, mzee na mjamzito ndio wanaoonesha kwanza.

Tahadhari moja: ukungu wa ukutani na vumbi la godoro navyo huleta mafua na kikohozi vinavyoisha ukitoka. Kama ukuta una madoa meusi yenye unyevu, shughulikia unyevu huo kwanza kabla hujailaumu kemikali.

Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa.

Kaboni monoksaidi huzaliwa pale kitu chenye kaboni kinapoungua bila hewa ya kutosha: mkaa, kuni, gesi, mafuta ya taa, petroli. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, na ikishakaliwa haina nafasi tena. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Huanza na kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu wa ajabu, akili kuchanganyikiwa. Kisha usingizi. Mwenye sumu hii hukosa hata uamuzi wa kusimama na kuufikia mlango, na anayelala nayo anaweza asiamke.

Kosa ninaloliona mara nyingi linahusu mkaa. Mkaa unapowashwa hutoa moshi, watu huuweka nje mpaka moshi uishe, kisha huingiza jiko chumbani ili wapate joto. Mantiki inaonekana sahihi: moshi umekwisha, hatari imekwisha. Kinyume chake ndicho kweli. Litazame jiko wakati huo: makaa mekundu, majivu mepesi juu, hakuna moshi, hakuna harufu, joto la kupendeza. Makaa hayo mekundu yanatoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na yataendelea kuitoa mpaka yazimike kabisa. Moshi ulikuwa ndio onyo pekee, nao umeshaondoka. Jiko la mkaa halilali na watu, hata dirisha likiwa limeachwa wazi kidogo.

Jenereta ni mbaya zaidi kwa sababu ya wingi wa gesi inayoitoa. Kuiweka jikoni, kwenye ngazi, au barazani chini ya dirisha la chumba cha kulala ni kuiingiza ndani, hata milango yote ikiwa wazi. Iwe mbali, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, na bomba la moshi lielekee upande usio na dirisha. Gari nalo lisiachwe likinguruma ndani ya gereji iliyoungana na nyumba, hata lango la gereji likiwa wazi.

Hita ya maji ya gesi iliyowekwa bafuni ni chanzo kinachosahaulika. Daftari litakuonesha kwa urahisi: mtu anaumwa kichwa anapooga, hasa akikaa muda mrefu. Angalia moto wake na wa jiko la gesi. Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa njano na unacheza, ukiacha masizi kwenye sufuria au ukutani juu ya kifaa, gesi haiungui vizuri. Usikitumie tena kifaa hicho mpaka fundi asafishe kichomeo na kuhakikisha bomba la kutolea moshi halijaziba. Kiota cha ndege ndani ya bomba kinatosha kuleta msiba.

King'amuzi cha kaboni monoksaidi kinastahili kuwepo katika nyumba yoyote yenye moto. Usikichanganye na king'amuzi cha moshi. Kile hakiisikii gesi hii. Angalia pia tarehe iliyoandikwa nyuma, kwa sababu kihisi kilichomo huchakaa baada ya miaka kadhaa, na kitufe cha kujaribia kinaweza kulia vizuri wakati kihisi chenyewe kimekwisha.

Ukifika hospitali, kuna mtego unaopaswa kuufahamu. Kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha himoglobini yenye oksijeni na yenye kaboni monoksaidi. Kitaonesha asilimia 98 na kila mtu atapumua kwa faraja, huku mgonjwa akiwa amejaa sumu. Kinachohitajika ni kipimo cha damu kinachopima kaboni monoksaidi yenyewe. Sema wazi: "Tulikuwa na mkaa chumbani." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa maisha, kwa sababu bila hiyo kutapika na kichwa kuuma huonekana kama malaria, mafua makali au chakula kibaya. Tiba ni oksijeni safi kwa wingi. Kwa hewa ya kawaida kiasi cha gesi kwenye damu huchukua saa 4 hadi 6 kupungua nusu. Kwa oksijeni safi huchukua kama saa moja na nusu. Mjamzito atibiwe hata akijisikia nafuu, kwa sababu damu ya mtoto tumboni huachana na gesi hii polepole kuliko ya mama. Na kwa wiki kadhaa baadaye mwangalieni mgonjwa: kusahau, kubadilika tabia au kutembea kwa kuyumba kunaweza kujitokeza baada ya siku nyingi za kuonekana amepona.

Macho yanawasha, koo limekauka, pua inachuruzika

Hii niliipata mwenyewe, na ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kila asubuhi niliamka macho yakiwa mekundu, koo kama limepitishwa msasa. Nilidhani ni mafua, kisha mzio, kisha kiyoyozi. Daftari ndilo lililoniumbua: siku nne nilizolala kwingine, macho yalikuwa meupe, usiku wa kwanza niliporudi, yakawaka tena. Kitu kipya chumbani kilikuwa kimoja, kabati. Nikavuta droo ya chini iliyokuwa haijafunguliwa siku kadhaa, nikaingiza uso, na machozi yakatoka kabla sijapata hata kutaja harufu. Kwa nje kabati lilikuwa laini, linang'aa. Nyuma, ubao ulikuwa mtupu, na pale ulipokatwa kwa msumeno vumbi la mbao lililogandishwa lilikuwa wazi kama ukingo wa mkate.

Gesi hiyo huitwa formaldehaidi. Imo kwenye gundi inayoshikanisha plaiwudi, MDF (ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa) na mbao nyingine za kuunda, na pia kwenye baadhi ya vitambaa vilivyotiwa dawa visijikunje, baadhi ya dawa za kunyoosha nywele na moshi wa sigara. Gundi ikipata unyevu huachana polepole na gesi hutoka. Joto nalo huiongeza. Ndiyo maana chumba kilekile kinaweza kuvumilika msimu wa baridi na kisivumilike msimu wa joto. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwapa waliopoteza nyumba trela za kuishi, nao wakaanza kulalamika macho na vifua. Mwaka 2008, baada ya kupima trela zaidi ya 500, mamlaka za afya ziliwashauri wakazi wahamishwe kabla ya joto la kiangazi kufika.

Shirika la Afya Duniani linataka formaldehaidi isizidi miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa dakika 30. Kikomo hicho kimewekwa kuzuia kuwashwa macho na pua, na pia kinazuia madhara ya muda mrefu: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka gesi hii mwaka 2004 kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Cha kufanya: fanya jaribio la droo kwa kila samani mpya, ukinusa kidogo tu. Ukimpata mkosaji, mtoe chumba cha kulala akae mahali penye upepo na kivuli, droo zote zikiwa wazi, kwa wiki kadhaa. Sehemu zilizokatwa na migongo isiyopakwa kitu ndizo zinazotoa gesi nyingi, kwa hiyo zizibe kwa vanishi ya maji au rangi ya kuzibia, zikauke nje. Punguza joto na unyevu chumbani. Kutoka kwa gesi hupungua kadiri miezi inavyopita, lakini kwa ubao wa bei rahisi huweza kuendelea kwa miaka. Kabati langu lilikaa nje wiki sita. Kama ningejua, ningenunua la mbao nzima hata kama ni dogo.

Kulewa bila kunywa: rangi, thina, gundi, petroli

Kichwa chepesi, kichefuchefu, ulimi mzito, wakati mwingine kicheko kisicho na sababu: huo ni mvuke wa viyeyusho kama toluini na zailini, vilivyomo kwenye rangi ya mafuta, thina, gundi ya viatu, vanishi na baadhi ya vipodozi vya kucha. Mvuke huu hufanya kazi kwenye ubongo kama pombe. Ukitoka nje huondoka, ila fundi anayeuvuta kila siku kwa miaka huweza kupungukiwa kumbukumbu, usikivu na utulivu wa mikono.

Chumba kipakwe rangi madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi, feni ielekezwe kutoa hewa nje, na chumba kisilaliwe mpaka siku kadhaa zipite. Rangi ya maji hutoa mvuke mchache zaidi kuliko ya mafuta. Mjamzito asipake na asilale humo.

Petroli naitenga, kwa sababu ina benzeni. Benzeni huharibu uboho, yaani mahali damu inapotengenezewa, na huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chake chochote kilicho salama. Dumu la petroli chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jikoni huvuja mvuke hata likiwa limefungwa. Ukiingia ndani asubuhi na kusikia harufu ya petroli, umeshaivuta usiku kucha. Dumu, mashine ya kukatia nyasi na jenereta visilale kwenye nyumba wanamolala watu.

Kifua kinabana, kikohozi, mluzi wa pumzi

Kama kifua hubana wakati wa kupika, fikiria moto. Jiko la gesi hutoa nitrojeni dioksaidi hata likiwaka vizuri, na gesi hiyo huwasha njia za hewa, hasa kwa mtoto mwenye pumu. Feni ya kutoa hewa nje iwashwe kabla ya kuwasha jiko na iachwe dakika kadhaa baada ya kuzima. Ile inayochuja mafuta na kurudisha hewa mlemle jikoni haitoi gesi. Kuni, mkaa na samadi vina hesabu kubwa zaidi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2, zaidi ya 237,000 kati yake vikiwa vya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Ukishindwa kubadili nishati leo, hamisha jiko nje au chini ya paa lililo wazi pembeni, tumia kuni zilizokauka, na mtoto asiwe mgongoni wakati wa kupuliza moto.

Kama hubana usiku, tazama dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba kuunguza mviringo mmoja hutoa chembe ndogo za moshi sawa na sigara 75 hadi 137, na formaldehaidi inayoweza kufikia ile ya sigara 51. Malaria nayo ni adui halisi, kwa hiyo siwaambii mlale bila kinga. Chandarua chenye dawa hakitoi moshi.

Kama kifua kilibana ghafla wakati wa kusafisha choo, tokeni na msirudi. Hapo karibu kila mara kuna vitu viwili vilivyochanganywa. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo ikikutana na asidi, kama ile ya kuondoa kutu na magamba chooni au hata siki, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za vioo na hata kwenye mkojo uliokaa, hutoa kloramini. Zote huunguza koo na mapafu. Kinachotokea ni hiki: mtu anamimina ya kwanza, doa haliondoki, anamimina ya pili juu yake, anainama kusugua huku uso ukiwa sentimita chache juu ya bakuli, na mlango umefungwa. Ukitoka na bado unakohoa au pumzi ni fupi, nenda hospitali hata kama unajisikia nafuu. Maji huweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye. Dawa moja, chumba kimoja, na maji mengi ya kusuuza kabla ya kujaribu nyingine.

Mayai yaliyooza, na ile harufu ya gesi

Harufu ya mayai yaliyooza kwenye bafu lisilotumika mara kwa mara huwa na jibu rahisi. Chini ya kila shimo la maji kuna bomba lililopinda ambalo hubaki na maji ya kuzuia hewa ya shimo la choo kupanda. Maji hayo hukauka. Mimina ndoo moja, ngoja siku. Ikirudi, bomba limepasuka au hewa ya shimo haina pa kutokea, na hapo aitwe fundi. Usiingie wala kuinama ndani ya shimo lenyewe: salfidi ya hidrojeni ikiwa nyingi huua pua kwanza, harufu inapotea, na mtu hudhani pako salama.

Harufu kali kama kitunguu kilichooza karibu na mtungi ni kitu kingine, nacho hutiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Funga valvu, fungua milango, usiwashe wala kuzima taa, toka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni.

Jasho, mate, tumbo: dawa za wadudu na za nafaka

Baada ya kupulizia dawa ya mende au kunguni, mtu akitokwa jasho jingi, mate na machozi, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, misuli ikichezacheza, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu kutoka kwenye dawa za jamii ya oganofosfati. Mvue nguo, muogeshe kwa sabuni, mpeleke hospitali, na ubebe kopo la dawa. Tiba ipo, na hutolewa vizuri zaidi daktari akisoma jina kwenye kopo.

Lakini ninayoiogopa zaidi ni vidonge vya kufukizia nafaka. Ndani yake kuna fosfidi ya alumini, ambayo ikigusa unyevu wa hewani hutoa gesi ya fosfini. Kidonge kinageuka unga wa kijivu, gesi inapenya kwenye nyufa, juu ya dari, chini ya mlango, hadi chumba cha jirani. Wanaolala humo huamka wakitapika, tumbo na kifua vikiuma, na kwa kuwa wanaumwa wote pamoja, chakula cha usiku ndicho hulaumiwa. Wakati mwingine kuna harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, wakati mwingine haisikiki. Fosfini haina kiuasumu, na moyo ndio hupigwa zaidi. Hakuna njia salama ya kutumia vidonge hivi ndani ya nyumba ya kulala watu, wala kufukuza kunguni, wala kuhifadhi gunia moja tu chumbani. Ukivikuta, watoe watu kwanza. Usivimwagie maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoamsha gesi.

Vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo vinaonekana vya kawaida mno kuogopwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Naftalini hupungua siku hadi siku bila kuacha maji kwa sababu inageuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo hubaki kwenye nguo na mablanketi. Kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, mvuke huo huweza kupasua chembe nyekundu za damu: mkojo unakuwa wa rangi ya chai nzito, macho yanakuwa ya njano, nguvu zinaisha. Mtoto mchanga ndiye aliye hatarini zaidi, na mara nyingi hakuna anayejua kama ana upungufu huo. Nguo zake zisiwahi kuhifadhiwa na naftalini. Zilizokwisha kuhifadhiwa nayo zifuliwe na kuanikwa juani mpaka harufu iishe kabisa kabla hajavishwa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika dawa za nondo mwaka 2008.

Uzito wa kichwa mchana, ofisini au darasani

Hapa mara nyingi hakuna sumu moja ya kunyooshea kidole. Watu wamejaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na kila kitu kidogo kinachotoka kwenye zulia, mashine, manukato na pumzi kinabaki mlemle. Viyoyozi vingi vya ukutani hupoza hewa ileile na haviingizi mpya, jambo ambalo wengi hawalijui. Kipimo cha kabonidioksaidi ni msaada mzuri hapa. Nje huwa karibu sehemu 420 kwa milioni. Mwaka 1858, mwanasayansi Mjerumani Max von Pettenkofer alipendekeza chumba cha watu kisizidi 1,000, na wazo hilo bado linafaa: namba ikipanda juu ya hapo, hewa haibadilishwi vya kutosha. Fungua madirisha dakika 10 kila saa, uone daftari litasema nini.

Vitu vinavyouzwa kama tiba

Marashi ya kupulizia chumbani huongeza kemikali juu ya kemikali. Mashine za ozoni nazishauri ziachwe kabisa: ozoni yenyewe huumiza mapafu, na ikikutana na harufu za limao na msonobari zilizomo kwenye dawa za kusafishia, hutengeneza formaldehaidi, ile ile tuliyokuwa tunaifukuza. Vichujio vya HEPA, vile vya kunasa chembe ndogo sana, ni vizuri kwa moshi na vumbi lakini gesi hupita. Gesi huhitaji kaboni hai nyingi, yaani mkaa uliotengenezwa kunasa gesi, nayo hujaa na lazima ibadilishwe. Na mimea ya chungu? Uchunguzi wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989 ulifanywa ndani ya vyombo vidogo vilivyofungwa. Chumba halisi kingehitaji mimea mingi kiasi cha kukosa pa kukanyaga ili kufikia kazi ya dirisha moja lililo wazi.

Ukienda kwa daktari

Beba daftari. Mwambie dalili huanza saa ngapi na huisha wapi, nani mwingine ndani ya nyumba anaumwa, mnapikia nini, mnalala na nini kinachowaka, mmenunua samani gani, mmepaka au kupulizia nini mwezi uliopita, na kazi yako ni ipi. Yeye huenda asiulize. Kama unashuku kaboni monoksaidi, omba damu itolewe mara tu ufikapo, na mwambie ulitoka ndani saa ngapi na kama umeshawekewa oksijeni, kwa sababu kila saa inayopita kipimo kinashuka, na matokeo yaliyo karibu na kawaida saa sita baadaye hayamaanishi kwamba usiku ule hakukuwa na gesi.